Petroli au Gesi? Hesabu ya Gari Kuukuu

Jumapili ya tarehe 4 Novemba 1973 barabara kuu za Uholanzi zilikuwa tupu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi siku hiyo, na wananchi wakaendesha baiskeli na kutembea kwa miguu mahali ambapo siku nyingine mtu asingethubutu kukanyaga. Nchi za Kiarabu zitoazo mafuta zilikuwa zimepunguza uchimbaji na kuzinyima mafuta baadhi ya nchi, Uholanzi ikiwa mojawapo. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya pipa la mafuta yasiyosafishwa ilipanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Tanzania, ambayo haikuwa na ugomvi na mtu yeyote katika jambo hilo, ililipa bei ile ile. Katika miaka iliyofuata magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali.

Amri za namna hiyo huokoa mafuta kwa kulizuia gari. Wahandisi wana swali jingine: gari litembee kama kawaida, lakini kwa gharama ndogo zaidi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuifanya kila lita ya petroli ilisukume gari mbali zaidi. Ya pili ni kuilisha injini fueli nyingine, na kwa injini ya petroli fueli iliyotumiwa zaidi tangu miaka ile ni gesi ya mitungi, yaani gesi ya kupikia, ijulikanayo kimataifa kwa herufi LPG. Makala hii inaichunguza njia hiyo ya pili kwa upande wa magari ya zamani, yale yenye kabureta, kwa kuwa ndiyo ambayo wenye nayo hushawishika zaidi kuyabadilisha, na ndiyo yenye mengi ya kuangaliwa kabla ya kubadilishwa.

Njia ya kwanza hata hivyo isirukwe. Katika nishati yote iliyomo ndani ya petroli, injini ya kawaida hugeuza takriban robo tu kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu. Sehemu iliyobaki hutoka kama joto, kwa eksozi na kwa rejeta. Gari lenye kichujio cha hewa kilichoziba, plagi zilizochakaa, matairi yasiyojaa na breki zinazoshika litakula mafuta mengi, na halitaacha ulafi huo kwa kubadilishiwa fueli. Mwendo nao una uzito wake. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo gari liendalo kilomita 110 kwa saa hukabiliana na ukinzani wa hewa unaokaribia mara mbili ya ule wa kilomita 80 kwa saa. Ndiyo sababu Marekani, mnamo Januari 1974, ilitunga sheria ya kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, kwa nchi nzima.

Gesi hii ni kitu gani?

Kati ya mwaka 1910 na 1912 mkemia wa Kimarekani Walter Snelling alichunguza mvuke uliokuwa ukitoroka ndani ya petroli na kupotea hewani. Aligundua kwamba mvuke huo ulikuwa na gesi mbili zilizoweza kutenganishwa na petroli na kutumiwa peke yake: propani na butani. Hadi leo gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa hizo mbili. Molekuli ya propani ina atomi 3 za kaboni na 8 za hidrojeni, na ya butani ina 4 za kaboni na 10 za hidrojeni.

Sifa iliyozipa gesi hizi nafasi katika magari ni wepesi wake wa kugeuka kuwa kimiminika. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri yenyewe. Zikiachwa wazi mezani ni gesi, lakini zikibanwa kidogo huwa maji. Kwenye joto la nyuzi 20 propani huhitaji kanieneo ya mara 8 hivi ya ile ya angahewa, na butani huhitaji mara 2 tu. Kwa hiyo tangi la chuma lisilo nene sana hutosha, na lita moja ya kimiminika ikifunguliwa hutoa lita 250 hivi za gesi.

Hapa inafaa kuondoa utata wa lugha. Kiswahili cha kila siku huita “gesi” vitu viwili tofauti. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na iliyoanza kutumika kibiashara mwaka 2004, ni gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa mno ni methani. Methani haiwi kimiminika mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ndiyo maana magari yaitumiayo huibeba ikiwa imeshindiliwa kwa kanieneo ya mara 200 hivi ya angahewa, katika mitungi minene. Mtungi wa gesi ya kupikia haukuundwa kustahimili kani ya namna hiyo hata kidogo. Neno ni moja, lakini vyombo haviwezi kubadilishana.

Lita, kilo na kilomita

Petroli huuzwa kwa lita. Gesi ya kupikia huuzwa kwa kilo, na katika nchi ambazo magari hujaziwa gesi vituoni huuzwa kwa lita. Mnunuzi huziona bei mbili, huona ya gesi iko chini, na huamini kwamba tofauti ile yote itaingia mfukoni mwake. Hapo ndipo wengi hupotea.

Kilo moja ya gesi ya mitungi hutoa nishati ya megajuli 46 hivi inapoungua, na kilo ya petroli hutoa megajuli 43 hivi. Kwa kilo, basi, gesi inaishinda petroli. Lakini gesi katika hali yake ya kimiminika ni nyepesi: lita yake ina uzito wa kilo 0.54 hivi, ilhali lita ya petroli ina kilo 0.74. Ukizidisha, lita ya petroli ina megajuli 32 na lita ya gesi ina megajuli 25. Gari linalotumia lita 10 za petroli kwa kilomita 100 linahitaji megajuli 320. Zikitoka kwenye gesi zitatimia kwa lita 12.8, ambazo ni karibu kilo 7. Tangi halikuvuja wala fundi hakukosea. Ni uzito tu wa kimiminika chenyewe.

Tuseme lita ya petroli ni shilingi 100 na lita ya gesi ni shilingi 70. Tarakimu hizi zimechaguliwa kwa ajili ya wepesi wa hesabu, na mwalimu anaweza kuweka bei za mji wake. Kilomita 100 kwa petroli zitagharimu shilingi 1,000. Kwa gesi zitagharimu 12.8 mara 70, yaani shilingi 896. Dereva aliyetazamia kuokoa asilimia 30 ameokoa asilimia 10 na ushei. Na kama bei ya gesi ingekuwa 78 au zaidi, asingeokoa chochote. Mwenye kununua kwa kilo atumie kipimo kingine: kilo ya gesi ni sawa na lita 1.44 za petroli, hivyo kama bei ya kilo imezidi bei ya lita moja na nusu ya petroli, biashara imekwisha kabla haijaanza.

Bado haijatajwa gharama ya vifaa na ufundi. Tuseme ni shilingi 100,000, yaani bei ya lita 1,000 za petroli katika mfano wetu. Akiba ni shilingi 104 kwa kila kilomita 100. Gari litapaswa kwenda kilomita 96,000 kabla ya kurudisha gharama yake. Dereva wa teksi aendaye kilomita 150 kila siku atafika huko baada ya siku 640. Mwalimu aendaye kilomita 20 kwa siku, kwenda shuleni na kurudi, atafika baada ya miaka 13, na gari lake kuukuu huenda lisimsubiri. Gesi ikishuka hadi shilingi 50 kwa lita hesabu hubadilika kabisa: akiba inakuwa shilingi 360 kwa kilomita 100, na teksi hurudisha gharama kwa miezi 6 tu.

Waholanzi waliijua hesabu hii vizuri, maana serikali yao iliipandikiza katika sheria ya kodi. Gesi ilitozwa kodi ndogo kituoni, lakini gari litumialo gesi lilitozwa kodi kubwa zaidi ya barabara kila mwaka. Matokeo yake yalitabirika: waliobadilisha magari walikuwa wafanyabiashara na wengine waendao masafa marefu, na aliyeendesha siku za Jumapili tu alibaki na petroli yake. Kwa sababu hiyo hiyo teksi za Japani zilianza kutumia gesi tangu miaka ya 1960, na za Korea Kusini zikafuata. Huko Uturuki magari ya gesi huhesabiwa kwa mamilioni, kwa kuwa kodi ya petroli ni kubwa na tofauti ya bei imedumu kwa miaka mingi.

Safari ya gesi ndani ya gari

Fundi anayebadilisha gari la kabureta haiondoi petroli. Huongeza njia ya pili kando yake. Tangi la gesi hufungwa ndani ya buti, na bomba jembamba la shaba hupita chini ya gari hadi kwenye injini. Kimiminika hufika kwanza kwenye vali ya umeme ambayo hujifunga yenyewe mara injini inapozimika, hata kama dereva amesahau swichi. Kisha huingia kwenye regyuleta. Hapo kanieneo hushushwa na kimiminika huchemka na kuwa gesi.

Mwanafunzi wa fizikia atatambua tatizo lililopo: kimiminika kinachochemka huchota joto kutoka kila kilicho jirani nacho. Regyuleta ikiachwa hivi hivi itaganda barafu hata Dar es Salaam mwezi Februari, na injini itazimika. Kwa hiyo maji ya moto yatokayo kwenye injini hupitishwa ndani yake. Rejeta inayovuja, ambayo mwenye gari la petroli huivumilia kwa kuongeza maji kila asubuhi, katika gari la gesi husimamisha safari.

Kutoka kwenye regyuleta gesi huenda kwenye kichanganyio, ambacho ni pete yenye matundu iliyofungwa juu ya koo la kabureta. Hewa ipitayo kwa kasi kwenye sehemu nyembamba hupunguza kanieneo na kuivuta gesi, kwa kanuni ile ile iivutayo petroli. Kifaa hiki sahili ndicho kilichoendelezwa na mafundi wa Italia, ambako viwanda vya vifaa vya gesi vilianza mapema. Kile cha Landi katika mji wa Reggio Emilia kilianzishwa mwaka 1954. Magari ya baadaye, yenye kompyuta na vipulizio, hutumia mfumo mwingine unaoipuliza gesi silinda moja baada ya nyingine kwa vipimo. Mfumo huo ni bora na ghali zaidi.

Nguvu ya injini hupungua kidogo. Sababu yake inaweza kukokotolewa darasani. Molekuli moja ya propani huhitaji molekuli 5 za oksijeni ili iungue yote. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo ujazo mmoja wa propani huhitaji ujazo 24 hivi wa hewa. Katika kila sehemu 25 ziingiazo silindani, moja ni gesi, na imekalia mahali ambapo hewa ingekaa. Petroli huingia sehemu yake kubwa ikiwa matone madogo yasiyochukua nafasi, tena hupoza hewa yanapovukizwa. Ukijumlisha na kichanganyio kinachobana koo, gari hupoteza nguvu kati ya asilimia 5 na 10. Tambarare haionekani, kwenye mlima na abiria watano dereva ataihisi.

Lawama hiyo ingeweza kufidiwa. Propani ina oktani ya 110 na zaidi, juu ya petroli ya kawaida, maana yake huvumilia kubanwa sana bila injini kugonga. Injini iliyoundwa kwa ajili ya gesi peke yake inaweza kupewa mbano mkubwa zaidi, na mbano mkubwa huleta ufanisi mkubwa. Lakini gari kuukuu la fueli mbili haliwezi kufanyiwa hivyo, kwani siku litakaporudi kwenye petroli litagonga hadi pistoni zitoboke. Mshika mbili moja humponyoka.

Viti vya vali

Faida za gesi kwa injini ni za kweli. Huingia silindani ikiwa kavu, haioshi oili kwenye kuta za silinda, na haiachi masizi mengi. Oili hukaa safi muda mrefu zaidi. Moshi hupungua, na kwa kuwa gesi ina kaboni kidogo zaidi kulinganisha na hidrojeni yake, kaboni dioksaidi itolewayo kwa safari ile ile hupungua kwa sehemu ya kumi hivi.

Ukavu huo huo ndio uletao madhara kwenye injini za zamani. Vali ya eksozi, ikiwa na joto kali mno, hupiga kiti chake mara maelfu kwa dakika. Injini nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zilikuwa na viti vilivyochongwa katika chuma cha kalibu cha kichwa cha silinda chenyewe. Chuma hicho laini kilinusurika kwa sababu petroli ya wakati ule ilitiwa risasi. Mabaki ya risasi yalitanda juu ya kiti kama utando mwembamba na kuzuia vyuma viwili visishikane. Risasi ilikuwa sumu kwa watu, hasa watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara, baada ya kukubaliana Dakar mwaka 2001, ziliacha kuiuza petroli hiyo ifikapo mwanzo wa 2006. Gesi haikuwa na risasi tangu awali, wala haina umajimaji wowote wa kukilinda kiti. Matokeo yake vali huzama ndani ya kiti chake kidogo kidogo. Nafasi iliyoachwa kati ya vali na kikono chake hupungua hadi kwisha, vali haifungi tena, gesi ya moto hupenya na kuunguza ukingo wake.

Fundi mwenye uangalifu huuliza kwanza injini ni ya aina gani. Kama viti ni laini, kichwa hufunguliwa na kuwekewa pete za chuma kigumu. Kama mwenye gari hana fedha ya kazi hiyo, nafasi za vali na zipimwe mara kwa mara, maana kupungua kwake ndiyo dalili ya kwanza. Plagi nazo hupewa uzito kuliko zamani, kwani mchanganyiko wa gesi huhitaji cheche yenye nguvu. Waya wa plagi uliopasuka, ambao petroli huusamehe, unaweza kuwasha gesi iliyomo kwenye njia ya hewa na kukirusha kichujio kwa mlio wa bunduki.

Hatari iliyopo na isiyokuwapo

Watu wengi huogopa kwamba tangi litalipuka kwa kugongwa. Tangi la gesi ni imara kuliko tangi la petroli, ambalo ni bati tu. Hatari yake ipo kwenye joto. Tarehe 31 Januari 1999, katika mji wa Vénissieux nchini Ufaransa, wahuni walichoma moto gari la gesi. Tangi lake halikuwa na vali ya kupumulia. Kimiminika kilichemka, kanieneo ikapanda pasipo pa kutokea, na tangi likapasuka mbele ya wazimamoto, wakajeruhiwa vibaya. Baada ya hapo Ufaransa ililazimisha matangi ya magari yawe na vali hiyo. Kanuni Na. 67 ya Umoja wa Mataifa, ifuatwayo na nchi nyingi, hutaka ifunguke kwenye kanieneo ya mara 27 hivi ya angahewa. Gesi hutoka na kuungua kama mwenge, jambo la kutisha, lakini tangi hubaki zima.

Kanuni hiyo hiyo hutaka tangi lijikatie lenyewe linapojaa asilimia 80. Kimiminika hiki hutanuka sana kwa joto, na tangi lililojazwa pomoni alfajiri halina nafasi ya kutanukia adhuhuri. Hapa ndipo ulipo ubaya wa kufunga mtungi wa jikoni ndani ya gari, kama ilivyofanywa kwa siri India kabla gesi haijaruhusiwa kisheria kwa magari mwaka 2000. Mtungi wa jikoni hauna kifaa cha kukata asilimia 80. Tena umeundwa kusimama wima na kutoa gesi kwa juu. Ukilazwa kwenye buti hutoa kimiminika, au kitu kilicho katikati ya hivyo viwili.

Hatari nyingine ni uzito wa gesi. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na butani mara mbili. Ikivuja haipai kama moshi, bali hutambaa chini na kutulia kwenye shimo la gereji, mtaroni au sakafuni mwa gari. Molekuli ya propani ina uzito wa 44, na ya kaboni dioksaidi ni 44 vilevile. Kwa hiyo darasa linaweza kuiona tabia ya propani bila kuigusa. Siki na magadi soda huchanganywa katika jagi. Mishumaa mifupi mitatu huwashwa ndani ya mfereji wa kadibodi ulioinamishwa. Kisha gesi iliyomo ndani ya jagi humiminwa taratibu juu ya mfereji, bila maji yake. Mishumaa huzimika mmoja baada ya mwingine kuelekea chini. Propani ingefuata njia ile ile, ila yenyewe isingeizima mishumaa.

Methani, yenye uzito wa 16, hupaa na kutawanyika, na hiyo ni faida moja ya gesi asilia ambayo sasa hufungwa katika teksi na bajaji za Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Teknolojia ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Yote yaliyosemwa juu ya viti vya vali, plagi na hesabu ya kilomita huihusu pia. Kilicho tofauti ni mzigo. Tangi la lita 60 la gesi ya mitungi, likijazwa kwa asilimia 80, hubeba nishati sawa na lita 37 za petroli. Mtungi wa lita 60 wa gesi asilia iliyoshindiliwa hubeba kilo 10 hivi, sawa na lita 15 za petroli, na ukiwa wa chuma kitupu huweza kuwa na uzito wa kilo 50 na zaidi. Uzito huo hukaa daima nyuma ya gari, hata buti likiwa tupu. Gari ambalo springi zake za nyuma zimekwisha kulegea itabidi libadilishiwe springi kwanza, na bei yake iandikwe pamoja na bei ya vifaa kabla ya kugawanya kwa akiba ya kila kilomita.